Kemia kwenye komyuniti koleji Houston: nichukue kozi zipi, na kazi zipo wapi?

Neema_PCB

Habari zenu wadau. Nimemaliza kidato cha sita Tanzania, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia), kemia nilipata B. Nina miaka 22, niko Houston kwa grini kadi, mwaka wa pili sasa, na nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, siku nne kwa wiki. Nataka kuanza komyuniti koleji muhula wa Agosti nisome kemia. Mshauri wa chuo amenipa karatasi yenye kozi tatu tofauti, zote zimeandikwa kemia na zote krediti 4. Nichukue ipi? Na miaka miwili ya kemia inampa mtu kazi gani hasa, au ni lazima niendelee hadi chuo kikuu? Nikiuliza mtaani kila mtu ananiambia niende uuguzi.

---

Jedwali118

Anza na kusoma namba za kozi. Vyuo vya umma vya Texas vinatumia namba za pamoja, na zinasomeka. Tarakimu ya kwanza ni mwaka wa masomo, ya pili ni krediti. CHEM 1411 maana yake mwaka wa kwanza, krediti 4, nadharia na maabara kwa pamoja. Vyuo vingine huipasua vipande viwili, CHEM 1311 ya nadharia yenye krediti 3 na CHEM 1111 ya maabara yenye krediti 1. Hakuna tofauti, ila zikiwa zimepasuliwa hakikisha umejiandikisha zote mbili. Kila muhula kuna watu wanaofaulu nadharia kisha wanakwama kwa sababu maabara hawakuichukua.

Karatasi yako nadhani ina hizi tatu:

CHEM 1411 ndiyo kemia ya wanasayansi. Ukitaka kuhamia chuo kikuu kwa kemia, famasia, uhandisi au udaktari, ni hii, ikifuatwa na 1412.

CHEM 1405 ni kemia ya utangulizi, kwa wasiosomea sayansi na baadhi ya kozi za afya. Inahamishika, ila haihesabiki kwenye digrii ya kemia. Kwa mtu mwenye B ya kidato cha sita ni kurudia alichokwisha kula.

SCIT 1414 ni kemia ya kazini, inawekwa kwenye programu za ufundi. Ukienda nayo chuo kikuu hawataipokea badala ya 1411.

Sasa mpangilio. Kemia ina ngazi nne, na kila moja ni sharti la inayofuata: 1411, 1412, halafu kemia ogania 2423 na 2425. Hiyo ni mihula minne hata ukiwa na akili za Einstein. Lakini kinachowachelewesha watu wengi ni hesabu. CHEM 1411 inataka MATH 1314, yaani aljebra ya chuo, uwe umeimaliza au unaisoma sambamba, kutegemea chuo. Baada yake kuna 2412, hesabu za kujiandaa na kalkulasi, kisha kalkulasi yenyewe 2413, na fizikia ya wanasayansi, PHYS 2425, haikupokei bila hiyo kalkulasi. Mtu wa PCB alisoma BAM tu (hesabu za msingi za matumizi), si hesabu kamili ya PCM (mchepuo wa fizikia, kemia na hesabu), kwa hiyo hapo ndipo pa kuweka nguvu kuanzia leo.

Kabla ya kujiandikisha utafanya mtihani wa TSIA2, wa Texas wa kupima kama uko tayari kwa masomo ya chuo. Upande wa hesabu alama zinaanzia 910 hadi 990, na unatafuta 950. Maswali 20 tu ya kuchagua, kwa hiyo ukikosea machache ya mwanzo kwa haraka unajiumiza. Kikokotoo ni kile kinachojitokeza kwenye skrini, na hakijitokezi kwenye kila swali. Rudia sehemu, vipeo, milinganyo ya mstari na ya kwadrati, eneo na ujazo, uwezekano. Ukipata chini ya kiwango utaongezewa somo la msaada, ambalo unalilipia na halikuongezei krediti za digrii.

Uliza pia ofisi ya udahili wanataka tathmini ya aina gani ya vyeti vya NECTA (baraza la mitihani la Tanzania), ya jumla au ya somo kwa somo. Ya somo kwa somo ni ghali zaidi. Usiilipie kama hawaihitaji.

---

Opareta_wa_Baytown

Jedwali118 ameeleza vizuri, ila amemchukulia dada kama mtu ambaye lazima aende chuo kikuu. Houston iko kwenye ukanda wa viwanda vya mafuta na kemikali, Pasadena, Deer Park, Baytown, Texas City, hadi Freeport kule chini. Humo mtu wa digrii ya miaka miwili anaajiriwa bila kuonewa huruma.

Tofautisha AS na AAS, digrii mbili za miaka miwili. AS ni ya kuhamia chuo kikuu. AAS ni ya kuingia kazini. Zote ni takriban krediti 60, ila kozi nyingi za AAS hazihamishiki. Ukichagua AAS leo kisha miaka miwili baadaye ukasema unataka digrii ya kemia, sehemu kubwa unaanza upya.

AAS inayotafutwa zaidi huku ni ya uendeshaji wa mitambo, kozi zake zinaanza na herufi PTAC. San Jacinto, Lee College na College of the Mainland wanaifundisha. Unajifunza vifaa (pampu, vali, vibadilisha joto, minara ya kutenganisha), vipimo na udhibiti, usalama, halafu kutafuta hitilafu. Kemia yake si nyingi lakini inatumika kila saa. Mfano: pampu inaanza kusikika kama inasaga kokoto. Hiyo ni kavitesheni. Presha upande wa kuvuta imeshuka chini ya presha ya mvuke ya kile kimiminika, kinachemka humohumo ndani ya pampu, na mapovu yanapopasuka yanakula chuma. Opareta anakagua kiwango cha tangi, chujio la upande wa kuvuta na joto la kimiminika. Asiyejua presha ya mvuke ni nini atafungua vali ya upande wa kutoa, aongeze mtiririko, na atazidisha tatizo.

Kabla ya kuingia jua haya. Zamu ni za saa 12, usiku na mchana kwa kupokezana, sikukuu zikiwemo. Kazi iko nje, juani Agosti na mvuani Januari, na kupanda ngazi ni kila siku. Usaili una mtihani wa ufahamu wa mashine, gia, roda na nyenzo, na wengi huanguka hapo, si kwenye kemia. Maeneo ya bandarini yanahitaji kadi ya TWIC, kitambulisho cha usalama cha serikali kuu, na mwenye grini kadi anaruhusiwa kuiomba. Kuna kipimo cha dawa za kulevya, wengine hupima nywele. Ndugu zetu wa miraa waelewe kwamba kathinoni, kemikali iliyo ndani ya miraa, huku ni dawa haramu, hakuna cha mila wala cha gomba. Na wanaofuga ndevu: barakoa ya kupumulia haifungi juu ya ndevu, kwa hiyo pale inapogusa uso lazima panyolewe.

---

Fenolfthaleini

Naongeza ya tatu iliyorukwa, fundi wa maabara za viwandani. Kuna maabara za ubora ndani ya viwanda, maabara za kukagua shehena za mafuta, na maabara za mazingira zinazopima maji na udongo. Nyingi zinapokea AS yenye kemia ogania na maabara zake zote, na nyingi huajiri kwanza kupitia mawakala wa vibarua, miezi kadhaa, ndipo mkataba. Kazi za siku ni kupima maji kwenye mafuta kwa njia ya Karl Fischer, nyuzi za joto ambapo mvuke wa mafuta huweza kuwaka, mnato, na kulisha sampuli kwenye kromatografia ya gesi, mashine ya kutenganisha mchanganyiko.

Wanachokutafutia ni mikono na daftari. Nieleze kwa jaribio moja utakalokutana nalo kwenye 1411 au 1412, kwa sababu linawaangusha hasa waliosoma kwa mfumo wa NECTA au KCSE ya Kenya.

Ni titresheni (kupima nguvu ya myeyuko kwa kuudondosha hadi rangi igeuke) ya sodiamu haidroksaidi kwa KHP (potasiamu haidrojeni thaleti). Haidroksaidi haiwezi kupimwa kwenye mizania ukajua kiasi chake halisi, maana inanyonya unyevu na kaboni dayoksaidi kutoka hewani, vipande vyake vinatoa jasho ukiviangalia. Kwa hiyo unatengeneza myeyuko wa takriban 0.1 M (molariti, yaani moli kwa lita), halafu unatafuta namba kamili kwa kutumia KHP, chumvi tulivu yenye uzito wa moli 204.22 g.

KHP inakaushwa kwenye tanuri nyuzi 110 za Selsiasi kwa saa moja au mbili, ipoe ndani ya chombo cha kukaushia. Pima karibu 0.51 g, andika tarakimu zote nne za mizania, iyeyushe kwenye maji yaliyokenekwa takriban mililita 50, weka fenolfthaleini, kiashiria cha rangi, matone mawili matatu. Bureti, mrija wenye alama za ujazo, isuuze kwa haidroksaidi yenyewe mara tatu, mililita 5 kila mara, ukiipitisha kwenye ncha. Soma hadi sehemu ya mia ya mililita. Simama kwenye waridi hafifu inayodumu sekunde 30. Ikiwa ya zambarau kama kinywaji cha rozela, umepita.

Tuseme KHP ni 0.5106 g na umetumia mililita 24.85. Moli ni 0.5106 ÷ 204.22 = 0.002500, gawanya kwa lita 0.02485, unapata 0.1006 M.

Mtego uko hapa. Kule nyumbani unapewa myeyuko wa asidi, unapima mililita 20 au 25 kwa pipeti kila mara, unajaza jedwali la jaribio la awali, la kwanza, la pili na la tatu, kisha unachukua wastani wa ujazo. Hapa kila chupa ina uzito wake wa KHP. Ukichukua wastani wa ujazo umekosea tangu mwanzo. Kila jaribio linatoa molariti yake, na wastani ni wa hizo molariti.

Makosa na mwelekeo wake, maana mtihani huuliza hivyo:

Kiputo kwenye ncha ya bureti kikitoka katikati ya kazi, ujazo unaonekana mkubwa kuliko ulioingia. Kwa namba za juu, kiputo cha mililita 0.30 kinakupeleka kwenye 25.15, na molariti inashuka hadi 0.0994.

Bureti yenye maji ndani inapunguza nguvu ya haidroksaidi, ujazo unaongezeka, molariti inashuka. Kupita waridi ni hivyohivyo.

KHP isiyokauka ni kinyume. Umepima maji ukayahesabu kama KHP, molariti inapanda.

Maji ya kuyeyushia KHP, yawe mililita 50 au 70, hayabadilishi kitu. Idadi ya moli ni ileile. Wengi hujaza hili kwenye ripoti kama chanzo cha makosa na wanakatwa alama.

Daftari ni kalamu ya wino. Ukikosea, mstari mmoja juu ya kosa, herufi za jina lako na tarehe. Usifute, usipake rangi nyeupe, usichane ukurasa. Kwenye maabara ya kiwanda cha dawa kufuta namba ni kosa la kufukuzwa kazi.

Na kwenye usaili huwa kuna swali la kuchanganya. "Tengeneza mililita 250 za HCl ya 0.5 M kutoka ya 12.1 M." Moli 0.125 gawanya kwa 12.1, ni mililita 10.3. Anayejibu namba tu anapata nusu. Taja miwani na glovu, chemba ya kufyonza hewa, maji kwanza karibu mililita 150 kwenye chupa ya ujazo, asidi ifuate taratibu, ipoe, ndipo ujaze hadi alama, kisha lebo yenye jina, nguvu, tarehe na herufi zako.

Jambo dogo la mwisho, tarakimu. NECTA ilikufundisha klorini 35.5 na ukapewa alama zote. Hapa ni 35.45, na kazi za nyumbani husahihishwa na kompyuta inayokataa jibu lenye tarakimu pungufu au za ziada. Zoea pia galoni kuwa lita 3.785 na atmosfia moja kuwa psi 14.7.

---

Neema_PCB

Nashukuru sana, kila mmoja wenu. Nimebaki na matatu. Kwa zamu zangu za usiku, krediti ngapi kwa muhula si wazimu? Na nikielemewa katikati nikaacha somo, msaada wa Pell, ule wa serikali kuu usiorudishwa, unaathirikaje? Halafu kuna anayejua kama hii kemia inaniingiza maabara ya hospitali?

---

MamaZawadi_Alief

Mwanangu, upande wa pesa nitakujibu mimi.

Kwanza ukaazi. Ada ya mkaazi inahitaji uwe umeishi Texas miezi 12 mfululizo, na ukiwa ndani ya wilaya ya chuo ada inashuka zaidi. Angalia anwani yako iko wilaya ya chuo kipi kabla ya kuchagua chuo.

FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, mwenye grini kadi anaijaza, na ni bure. Anayekutoza kuijaza anakula pesa zako. Kwa miaka 22, kama hujaolewa na huna mtoto unayemlea, unahesabiwa tegemezi, kwa hiyo taarifa za wazazi zinahitajika hata kama wako Tanzania. Kipato chao unakigeuza kuwa dola. Wasiokuwa na namba ya Social Security bado wanaweza kuwekwa kwenye fomu.

Kiwango cha juu cha Pell kwa mwaka 2024–25 kilikuwa dola 7,395, na kinakatwa kulingana na krediti. Kamili ni 12 kwa muhula. Ukichukua 8, unapata theluthi mbili ya kile unachostahili. Kwa zamu zako, 8 ndiyo namba, CHEM 1411 na kozi moja nyingine pamoja na kitu cha krediti 1 kama kipo. Kemia peke yake ni saa 3 za darasa na takriban 3 za maabara kila wiki, wiki 16, na kila saa ya darasa inataka mbili za kusoma nyumbani. Usiiweke maabara asubuhi unapotoka kazini. Usingizi na asidi haviishi nyumba moja.

Kuacha somo. Kuna siku ya kuhesabu wanafunzi, kwenye muhula mrefu ni siku ya 12 ya masomo. Ukiacha kabla yake, somo halionekani popote. Baada yake unapata W, alama ya kujitoa. W haishushi wastani, lakini ina meno mawili. Texas inakuruhusu kuacha masomo sita tu kwenye digrii yako ya kwanza, vyuo vyote vya umma vikijumlishwa. Na msaada wa serikali unadai umalize sehemu fulani ya krediti ulizojaribu, vyuo vingi vimeweka asilimia 67. Piga hesabu: umechukua 12, umeacha kemia ya 4, umebaki 8. Hiyo ni asilimia 66.7. Umekosa kwa nukta, na unapata barua ya onyo. Ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya Pell inarudishwa, na chuo kitakudai wewe.

Muhula wa kiangazi wa wiki 5 usiuguse kwa 1411. Hiyo ni kemia ya miezi minne imekandamizwa, sura moja kila siku mbili. Kiangazi fanya historia au serikali.

---

Jedwali118

La hospitali: kwa njia hiyo, hapana. Maabara za hospitali zinataka programu ya MLT (fundi wa maabara ya tiba) iliyoidhinishwa na NAACLS, shirika linalokagua programu hizo, ambayo pia ni ya miaka miwili na ina mafunzo ndani ya hospitali. Baada yake kuna mtihani wa cheti wa ASCP, chama cha wataalamu wa maabara za tiba, maswali 100 kwa saa mbili na nusu. Texas haina leseni ya jimbo kwa kazi hiyo, lakini waajiri wanaidai hiyo ASCP. Mtu wa AS ya kemia hawezi kukaa kwenye mtihani wa MLT kwa cheti hicho tu. Kama moyo uko hospitali, uliza nafasi za MLT sasa hivi, zina udahili wake na nafasi huwa chache.

Kuna na mlango mwingine ambao watu hawautazami, mitambo ya maji safi na majitaka. Leseni ya kuanzia ni ya TCEQ, mamlaka ya mazingira ya Texas, daraja D: cheti cha sekondari, kozi ya saa 20, mtihani. Mtu anaweza kuipata akiwa bado mwanafunzi, na klorini, pH na ugumu wa maji vilevile anavyovisoma darasani ndivyo anavyopima kazini. Manispaa zina bima ya afya na pensheni, tofauti na ghala.

Kuhusu uuguzi wanaokuambia mtaani, ni njia nzuri kwa anayeitaka, ila krediti za 1411 hazitakusaidia sana huko, programu nyingi zinataka anatomia na mikrobiolojia.

---

Neema_PCB

Basi naona hivi: AS, CHEM 1411 na hesabu muhula wa Agosti, na leseni ya maji daraja D nifanye wakati wa likizo ya Desemba. Mshauri aliniwekea MATH 1342, akasema ni rahisi zaidi na inatosha kuhitimu. Niiache hivyo?

---

Fenolfthaleini

Ibadilishe kabla hujalipa. 1342 ni takwimu, na 1332 ni hesabu za jumla. Zote mbili zinakidhi sharti la hesabu kwenye digrii, ndiyo maana washauri wanazipenda, lakini hakuna inayokupeleka kwenye kalkulasi, na 1342 haikufungulii CHEM 1411. Mwambie unataka 1314. Akikuambia imejaa, omba orodha ya kusubiri na uangalie kampasi nyingine za chuo hichohicho. Nafasi hufunguka wiki ya mwisho kabla ya masomo, pale wasiolipa ada wanapoondolewa kwenye mfumo.